Wanyama Mpinini: Safari ya Wamunyu

Barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui huviacha vilima vya Iveti nyuma na kuteremka kuelekea nchi kavu, na abiria aliyebahatika kukaa dirishani huiona kazi ya mikono ya Wakamba kabla hajafika kwa wachongaji wao. Miteremko yote imekatwa ngazi. Ni matuta ya fanya juu: mkulima huchimba mfereji kufuata usawa wa mlima, udongo akaurusha upande wa juu, na mvua zinazofuata hulisawazisha shamba zenyewe. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba ardhi hii inakufa, na dawa waliyoiona ni kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kuikataa dawa hiyo, akapelekwa uhamishoni Lamu. Serikali ikaiacha sera yake, na watu wakaendelea kuchimba. Matatu ilipokuwa ikikata kona kabla ya Masii niliyatazama matuta hayo yakipishana hadi upeo wa macho, nikaona kwamba nchi nzima imechongwa.

Nilichokuwa nakitafuta ni kidogo kuliko mlima: mpini. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia majambia ya kale yenye vichwa vya wanyama pale mkono unaposhika. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, linalo jambia lililotengenezwa Bara Hindi karibu na mwaka 1640, enzi za mfalme Shah Jahan wa dola ya Mughal. Mpini wake ni jiwe gumu la jedi, nalo limechongwa kichwa cha nilgai, swala mkubwa wa nchi ile. Nilisimama mbele ya kabati lake hadi walinzi wakaanza kufunga milango. Sijawahi kuona mnyama aliyetazamwa kwa makini namna ile, na aliyemtazama alikuwa akitengeneza silaha.

Mafundi wa Shah Jahan hawakuwa wa kwanza. Katika karne ya 15 mafundi wa dola ya Watimuri walichonga vichwa vya joka katika jedi kwa ajili ya vishikio na kinga za panga. Karne hiyo hiyo, upande wa pili wa ulimwengu wa Kiislamu, panga za watawala wa Granada zilikuwa na vichwa vya wanyama kwenye vyuma vinavyokinga vidole. Moja inahusishwa na mfalme wao wa mwisho, Muhammad XII, ambaye Wahispania humwita Boabdil, aliyetekwa vitani Lucena mwaka 1483. Sri Lanka nako kuna upanga mfupi uitwao kastane, mpini wake kichwa cha simba aliyeachama kinywa. Ukiitazama bendera ya nchi hiyo utaona simba ameshika upanga, na upanga wenyewe ni kastane.

Sisi wa pwani tumelelewa na majambia ya namna nyingine. Jambia la babu yangu, Mombasa, lilikuwa na ala iliyopinda, fedha iliyosokotwa nyuzinyuzi, na mpini mpana juu, mwembamba katikati. Halikuwa na kichwa cha mnyama. Majambia ya Oman na Yemen ndivyo yalivyo: uzuri wake uko katika fedha, katika mkato, na katika kitu ambacho mpini umetengenezwa nacho. Nitakifikia kitu hicho, maana kina habari nzito kwa nchi hii ya Ukamba.

Usiku wa kuamkia safari nililala Machakos mjini. Askari wa usiku wa nyumba ya wageni alikuwa na sime kiunoni, nami nikamwomba niione. Aliichomoa bila haraka, akanipa akinielekezea mpini. Ilikuwa sime halisi: bapa jembamba karibu na mkono, likipanuka kuelekea ncha, limefuliwa kwa chuma cha springi ya gari. Ala yake ya mti ilikuwa imevikwa ngozi nyekundu. Mpini ulikuwa mti uliofungwa ngozi na kukazwa, haukuwa na pambo hata moja. Nilimuuliza kama amewahi kuona sime yenye kichwa cha mnyama mpinini. Alifikiri kidogo.

"Hapana, dada. Hii ni ya kazi. Mnyama wa nini?"

Jibu hilo nilipanda nalo matatu asubuhi. Wakamba wamekuwa wafua chuma tangu zamani, wasuka mikufu myembamba ya shaba, na mafundi wa vigoda vya wazee vya miguu mitatu, ambavyo huvipamba kwa kuzamisha waya wa shaba ndani ya mti. Hawa ndio watu walioongoza misafara ya pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa katika karne ya 19, wakati wa Kivui Mwenda wa Kitui, yule aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Waliwajua wanyama kwa nyayo, kwa kinyesi, kwa upepo. Lakini mpini wa sime waliuacha mtupu. Mnyama alipofika mpinini mwa Mkamba, alifika kwa njia nyingine kabisa.

Njia hiyo inaanzia Wamunyu, kwa mtu aliyeitwa Mutisya Munge. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa tayari ni fundi wa miti. Vita vilimpeleka Tanganyika, pamoja na maelfu ya vijana wa Kenya waliochukuliwa kupigana na kubeba mizigo ya jeshi la Mwingereza, na huko akawaona wachongaji wenzake wakitoa sanamu katika mpingo na kuwauzia Wazungu. Vita vilipoisha alirudi kwao akaanza kuchonga watu na wanyama. Akawafundisha jamaa zake, na kutoka kwao ufundi ukaenda boma kwa boma. Vita vya pili vilipoleta askari wengi wa kigeni Nairobi, wanunuzi wakawa tele. Ilipofika miaka ya 1950 biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba mchumi Walter Elkan aliifanyia utafiti na kuuchapisha mwaka 1958. Mwaka 1963 Wakamba waliohamia pwani waliunda ushirika wao Changamwe, Mombasa, ambao ulikuja kuwa na wanachama maelfu. Katika miaka ya 1990 wachongaji wa Kenya walikadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000. Sijui ufundi mwingine wa Afrika Mashariki ambao asili yake inafuatika kwa uwazi hivi hadi kwa mtu mmoja na kijiji kimoja.

Pamoja na sanamu, wachongaji hawa walitengeneza vitu vya meza: vijiko vya kachumbari vyenye twiga mwisho wa mpini, vijiti, na visu vya mti vya kufungulia bahasha. Ni kisu hicho nilichokuja kukiona kikizaliwa. Kina ncha, kina makali ya kutosha kupasua karatasi, na mpini wake ni kichwa cha twiga, simba, swala, kifaru au ndovu. Ofisi nyingi za Nairobi na Kampala zimewahi kuwa na kimoja mezani, na watu wamekizoea hata hawakitazami.

Kituo cha wachongaji hapo Wamunyu hukikosi, maana utausikia mlio wa tezo kabla ya kuona kitu. Watu hukaa chini ya vibanda vya mabati, kila mmoja na gogo lake mbele, vumbi la mbao likiwa limewapaka miguu. Mzee mmoja aliyekuwa na kibanda pembeni alinikaribisha baada ya kunisikiliza. Nilimwambia nataka kujifunza habari za mipini.

"Vichwa au mipini?" aliniuliza.

"Kuna tofauti, Mzee?"

"Kichwa ni cha macho. Mpini ni wa mkono. Keti, mwanangu."

Nilikaa, na hapo ndipo nilipojifunza kwa nini mafundi wa Mughal na wachongaji wa Wamunyu, wasiowahi kusikiana, walifikia majibu yanayofanana.

Mzee alianza na shoka. Alipasua kipande cha mti kufuata nyuzi zake, akakitupilia mbali kwa sababu nyuzi zilikuwa zimepinda karibu na kifundo, akapasua kingine. Kisu cha bahasha huwa kipande kimoja: bapa na mpini ni mti ule ule, kwa hiyo nyuzi lazima zitoke nchani zipite shingoni hadi juu ya utosi bila kukatika. Zikikatika shingoni, kisu kitavunjika mkononi mwa mnunuzi. Kisha akachukua tezo. Alikuwa akigeuza kipande kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukishusha tezo kwa mapigo mafupi, na bila kuchora mstari wowote shingo ikaanza kutokea. Hakutazama picha. Nilipomuuliza anajuaje mahali pa kusimama, aliniambia niushike mpini ule ambao haujapata uso bado. Niliushika. Kidole gumba changu kilikuwa kimeangukia kwenye kibonde kidogo, na sehemu nene ilikuwa imejaza kiganja.

"Hapo pa kidole ni koo," alisema. "Pale panapojaza mkono ni misuli ya shingo. Mnyama ameumbwa tayari, mimi nafuata."

Shingo ya mnyama ni mpini unaojitosheleza: nyembamba karibu na taya, nene kuelekea mabega, imepinda kidogo. Kichwa kilichokaa juu yake huzuia mkono usiteleze. Fundi wa jambia anahitaji mambo hayo hayo, maana jambia likikwama katika ala au katika ngao, mkono hauruhusiwi kuchopoka. Kwa hiyo mnyama wa jedi na twiga wa mti wanakidhi haja moja. Nadhani ndiyo sababu vichwa vya wanyama vilitokea mipinini katika nchi nyingi zisizofundishana, na sihitaji kuwaza habari za nguvu za kichawi ili kulielewa hilo. Nguvu huja baadaye, mtu akishashika.

Kisha masikio. Hapa Mzee alipunguza mwendo, akaweka tezo chini na kuchukua kisu kidogo. Sikio lililosimama wima lina nyuzi fupi, na nyuzi fupi huvunjika kwa kuguswa tu. Kwa hiyo wachongaji hulaza masikio nyuma yakashikana na shingo, na pembe za swala nazo huzipinda zifuate mgongo wa shingo hadi ziungane nayo tena. Wanunuzi huona mnyama anayekimbia, masikio nyuma, pua mbele. Mchongaji anajua kwamba kasi hiyo imetoka katika udhaifu wa mti. Farasi wengi wa majambia ya Mughal nao masikio yao yameelekea nyuma, na jedi, ijapokuwa nyuzi zake hazikunyooka kama za mti, huvunjika pale ilipo nyembamba. Jiwe lile halikubali patasi hata kidogo. Husagwa polepole kwa mchanga mgumu uliolowa maji, na uso wa mnyama mmoja hula muda mrefu wa fundi. Mzee nilipomsimulia hilo aliacha kazi akanitazama.

"Kwa mchanga? Na masikio wakayapata?"

"Wakayapata."

"Hao walikuwa wavumilivu," alisema, akarudi kwenye kisu chake.

Maranda ya mbao yaliendelea kuanguka. Aliweka macho mwisho kabisa, kila jicho kwa mapigo mawili matatu ya ncha, halafu akampa kijana wake kipande kile kwa tupa na msasa. Mti ulikuwa wa rangi ya kahawia yenye mistari, na kijana aliupaka nta akausugua kwa kitambaa hadi ukang'aa. Wengine hupaka rangi nyeusi ya viatu ili mnunuzi adhani ni mpingo. Mzee hakupenda jambo hilo na alilisema waziwazi mbele ya vijana wote.

Nataka kukaa kidogo juu ya suala la nani huruhusiwa kumshika mnyama. Katika picha zilizochorwa kwenye baraza la Shah Jahan, majambia yenye vichwa vya wanyama yanaonekana viunoni mwa watu wachache tu, na hao ni watu wa daraja la juu kabisa, hasa wana wa mfalme. Wengine walivaa majambia ya mipini ya kawaida. Kichwa cha farasi mpinini kilitangaza ukoo kabla mtu hajafungua kinywa. Kule Wamunyu, kichwa cha swala hununuliwa na mwalimu anayemtafutia mgeni zawadi, na aliyekichonga hakiwekei jina. Mabingwa wa jedi nao hawakuandika majina yao kwenye mipini. Lakini wao kazi zao zimewekewa taa, vioo na maelezo, na za Mkamba huitwa vitu vya watalii, jina linalotolewa kana kwamba ni hukumu. Mimi nimeona zote mbili kwa karibu. Ugumu wa kupata shingo inayokaa mkononi na bado ikawa ya mnyama hai ni ule ule. Nasema hivi nikijua kwamba visu vingi vya bahasha hutengenezwa haraka, vinyonge, kwa sababu dalali hulipa kidogo. Hicho ni kipimo cha bei. Kipimo cha ufundi ni kile bora, na kile bora nilikiona kikikamilika mbele yangu.

Basi nifike kwenye kile kitu cha jambia la babu. Mpini wake ulikuwa wa pembe ya kifaru. Kwa karne nyingi pembe hiyo ilivuka kutoka pwani yetu kwa jahazi, na huko Arabuni ilithaminiwa kuliko pembe nyingine kwa sababu hushikika vizuri na, inapozeeka kwa kushikwa, hupata mng'ao wa rangi ya kaharabu unaopenyeza nuru. Ni kitu kile kile kinachofanya ukucha na nywele. Yemen mpini wa namna hiyo ulipita kutoka baba hadi mwana, na thamani yake ilikua pamoja na umri. Mahitaji yalikuwa madogo kwa kuwa wenye uwezo walikuwa wachache. Kisha katika miaka ya 1970 vijana wa Yemen walikwenda kufanya kazi Saudia wakati wa utajiri wa mafuta, wakarudi na fedha, na kila mmoja akataka jambia ambalo zamani lilikuwa la wakubwa.

Mipini hiyo ililipwa na Afrika, na Kenya ililipa sehemu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi hii ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Yemen Kaskazini ilikataza kuingiza pembe mwaka 1982, na mwaka 1992 mufti mkuu akatoa fatwa dhidi ya kuwaua vifaru kwa ajili ya mipini. Si Yemen peke yake iliyonunua, Asia ya Mashariki nayo ilichukua pembe kwa dawa. Lakini nikifikiria jambia la babu, sina budi kukiri kwamba pale ambapo fundi wa Mughal alichonga kichwa cha mnyama, sisi tulimshika mnyama mwenyewe.

Ukamba ulikuwa umeshaona vifaru wakiondolewa kabla ya hapo. Kati ya mwaka 1944 na 1946 serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji J. A. Hunter kusafisha vichaka vya Makueni ili Wakamba waliobanwa na uhaba wa ardhi wapewe mahali pa kulima. Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Hunter aliua vifaru 996. Mzee alizaliwa baada ya hayo, lakini alikuwa na habari zake kutoka kwa baba yake, aliyesema kwamba mtu aliweza kunusa mizoga kabla ya kuona tai.

"Wewe umewahi kumwona kifaru, Mzee?" nilimuuliza.

"Nairobi, kwenye mbuga. Niliwapeleka wajukuu." Alinyoosha mkono akachukua kisu kilichokuwa tayari, mpini wake kichwa cha kifaru, shingo nene, pembe mbili. "Huyu nilifundishwa na baba. Baba alifundishwa na mtu aliyemkimbia."

Niligeuza kisu kile mkononi. Pembe za kifaru huyo, tofauti na za swala, haziwezi kulazwa nyuma. Lazima zisimame, na kwa hiyo Mzee alikuwa amegeuza kichwa kizima, akakishusha hadi kidevu kikakaribia kugusa shingo, ili nyuzi za mti zipite wima ndani ya pembe. Kifaru anaposhambulia huinamisha kichwa namna hiyo. Aliyemkimbia alikuwa amekumbuka vizuri.

Vifaru si viumbe pekee vilivyopungua. Mpingo, mti mweusi mzito unaozama majini, huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa, na wachongaji waliumaliza katika maeneo ya karibu zamani sana. Baadaye waliegemea muhuhu, nao ukaanza kuwa adimu misituni. Katika miaka ya 1990 mashirika ya hifadhi pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliwahimiza wachongaji wahamie miti inayopandwa na kukua haraka: mwarubaini, mjakaranda, mwembe. Mzee ameitumia yote. Mwarubaini ni mzuri kwa ndovu na viboko, alinieleza, lakini kwa masikio membamba humpa shida, maana usipokaushwa polepole hupasuka. Mjakaranda ni mwepesi mno kwa mpini, mkono haupati uzito. Kwa hiyo kwa visu hutafuta matawi ya miti migumu ya mashambani, yale ambayo mwenye shamba angeyafanya makaa. Mshindani wake mkubwa ni tanuri la makaa, na tanuri hulipa siku hiyo hiyo.

Barua zenyewe zimekwisha. Nilimuuliza nani ananunua kisu cha bahasha siku hizi. Alisema dalali bado hupita kuchukua mizigo ya Nairobi, na mingi huishia vibandani mwa City Market, ambayo imekaa kando ya Barabara ya Muindi Mbingu. Wanunuzi hutumia visu hivyo kukatia keki, kubania nywele, au kuvipanga tu rafuni. Vijana wengine wa Wamunyu wameacha kuvichonga na kurudia sanamu kubwa za mahoteli. Mzee hajaacha, na sababu aliyonipa ni kwamba mwanagenzi asiyeweza mpini hataweza kitu kikubwa. Kwenye sanamu ya ndovu kosa linaweza kufichwa miguuni. Kwenye mpini hakuna miguu.

Ndipo nilipomweleza habari za yule askari wa Machakos na sime yake, nikamwomba anichongee mpini wa sime wenye kichwa cha mnyama. Watu wa vibanda vya jirani walisogea. Kijana wa msasa alisema awe chui. Mwingine alitaka tandala, kwa pembe zake zilizosokotwa. Mzee aliwanyamazisha kwa kusimama, akajipachika kipande cha mti kiunoni kama avaavyo mtu sime, akainama, akachuchumaa, akaketi.

"Mmeona? Pembe zitamchoma mwenyewe mbavuni. Chui hana shingo, mkono utashika nini?" Alizungusha kile kipande kiganjani. "Punda milia. Hana pembe, shingo imejaa, masikio yatalala kwenye nywele za shingo."

Nilifikiria farasi wa Shah Jahan, lakini sikulitaja hilo. Punda milia alikuwa amepatikana kwa hesabu ya mbavu na kiganja, na hesabu hiyo ilitosha.

Lililobaki lilikuwa chuma. Mkia wa sime huingia ndani ya mpini, kwa hiyo tundu lazima lipite katikati ya shingo na likomee chini ya taya bila kutokeza, na mti lazima uwe mkavu kabisa kabla ya kutobolewa, la sivyo utapasuka chuma kikipata joto. Mzee alitoa tawi la mpingo alilokuwa amelifunika kwa magunia, kiini chake cheusi, ganda lake la nje jeupe bado, akalipima kwa kamba dhidi ya kiganja changu. Aliweka alama kwa kucha. Weupe ule, alisema, atauacha kwenye nywele za shingo.

"Usininunulie sime mpya," aliniagiza. "Nitafutie iliyofanya kazi, ambayo mkia wake umeshakaa sawa. Na uje nayo wewe mwenyewe, nikupime tena ukiwa umeishika."

Tulipatana bei, nikamlipa nusu. Kijana aliandika jina langu kwa kalamu kwenye ganda jeupe la tawi, akalirudisha chini ya magunia, nami nikavuka barabara kungoja matatu ya Machakos.